Bruda, Mbona Tunashuka?



Likizo iliyopita, mimi na wenzangu wanne tulipanda Lupanga, kilele katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Mimi ndiye niliyejifanya kiongozi. Kabla ya kuingia msituni njia ikagawanyika: moja nyembamba, mwinuko mkali, mizizi mitupu, nyingine pana, imekanyagwa vizuri. Nikachagua pana.

Baada ya nusu saa mdogo wetu akauliza, "Bruda, mbona tunashuka?" Moyoni nilijua anasema kweli, ila niliona aibu. Tukaenda nusu saa nyingine, mpaka njia ikaishia kwenye migomba. Mzee mmoja alikuwa analima. Tukamwamkia, tukamweleza kwamba tunataka kukata msitu tupande moja kwa moja. "Hapana, wanangu. Huko kuna makorongo. Rudini pale njia ilipogawanyika."

Tulirudi. Muda ulikuwa umekwisha; kileleni hatukufika.

Njia ile ilikuwa pana kwa sababu wengi wanaipita kwenda shambani, siyo kwa sababu inafika juu. Na kosa langu kubwa ni ile nusu saa ya pili. Mt. Thomas wa Akwino anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara. Mimi sikuwa nao.

Kijana, Sakramenti ya Kitubio ni kurudi pale ulipopotelea. Je, wewe uko kwenye nusu saa ya pili ya jambo gani? Jumamosi hii, nenda kaungame.