Basi, mtaro na wewe: nani anapanga?

Je, wewe unafikaje shuleni? Kama unaishi Dar es Salaam, huenda umeshazoea hali hii: saa kumi na moja na nusu alfajiri uko kituoni, konda anaitazama sare yako, anasema "denti mmoja tu!", gari linaondoka. Mvua ikinyesha ndiyo balaa zaidi. Mtaro umeziba, maji yamejaa barabarani, magari hayapiti. Kipindi cha kwanza kimekupita.

Watu wengi husema, "Ndiyo maisha ya mjini, tufanyeje?" Lakini mahali pa kituo, upana wa mtaro na njia ya basi ni mambo yanayopangwa na watu, au yanayosahauliwa na watu. Tuone watu hao ni akina nani, na wewe unaingia wapi.

KWA NINI NI SUALA LA AFYA?

Mtaro ukiziba, maji machafu huchanganyika na maji ya vyoo na kuingia visimani. Hapo kipindupindu hakiko mbali. Maji yakituama, mbu wanazaliana. Nao moshi wa magari makuukuu huumiza mapafu, hasa ya mwenye pumu.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mwanafunzi aliyeachwa kituoni mara kwa mara hushawishika kupokea "lifti ya bure". Wengine wanaotoa lifti hizo baadaye hudai malipo ya ngono. Matokeo yake yanaweza kuwa mimba, VVU na kuacha shule. Kosa ni la mtu mzima anayedai, siyo la mwanafunzi. Lakini usafiri mzuri unampunguzia nafasi ya kukunasa.

JANGWANI: MFANO WA KUJIFUNZA

Mto Msimbazi unatoka upande wa vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia Bahari ya Hindi. Mvua kubwa za Desemba 2011 zilisababisha mafuriko Dar es Salaam, na zaidi ya watu 40 walikufa.

Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi, kwenye njia kuu ya kutoka Kimara hadi Kivukoni. Safari zikawa fupi, watu wakafurahi. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile la mto. Masika ya 2018 maji yaliingia karakanani, mabasi yakaharibika. Barabara ikijaa maji pale, wa Kimara na wa Kariakoo hawafikiani.

Umeona? Ukipanga basi ukasahau mto, mto utakukumbusha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao unashughulikia mto, makazi na miundombinu kwa pamoja.

NANI ANAFANYA NINI?

• Halmashauri: inashughulikia mipango miji na uzoaji taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira.
• TARURA: barabara za mitaani na mitaro yake. TANROADS: barabara kuu na za mkoa.
• LATRA: leseni za njia za daladala na nauli, pamoja na nauli ya mwanafunzi.
• DART: mabasi yaendayo haraka.
• NEMC: inasimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi mkubwa hautakiwi kuanza bila tathmini hiyo, na wananchi wana haki ya kutoa maoni.
• Mkoa: hauna baraza la kuchaguliwa kama la madiwani. Kazi yake ni kushauri na kuziunganisha halmashauri. Dar es Salaam ina tano: Jiji (Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mto haujui mipaka yao. Taka zikitupwa Ubungo, zinaweza kuziba daraja Ilala. Ndiyo maana lazima wakae meza moja.

MPANGO UNAPITA WAPI?

1. Mtaa: wakazi wanataja shida zao na kuzipanga, ipi ya kwanza, ipi ya pili.
2. Kata: kamati ya maendeleo ya kata, chini ya diwani, inachambua.
3. Halmashauri: wataalamu wanakadiria gharama, kamati ya mipango miji na mazingira inajadili, kisha baraza la madiwani linapitisha.
4. Mkoa na TAMISEMI: wanapitia.
5. Bunge: linaidhinisha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Angalia vizuri ngazi ya kwanza. Shida ambayo haikutajwa mtaani ni vigumu kuingia kwenye bajeti. Mtaro wenu hautajiandika wenyewe!

WEWE UFANYE NINI?

Bado hujafikisha miaka 18? Kura huna, lakini barua unaweza kuandika. Fanyeni hivi na klabu yenu:

• Hesabuni kwa siku tano: daladala ngapi zilikataa wanafunzi, saa ngapi, kituo gani.
• Choreni ramani ya mitaro iliyoziba kati ya shule na kituo.
• Andikeni barua fupi yenye takwimu hizo, ipitie kwa mwalimu mkuu. Ya mitaro iende kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani. Ya daladala iende LATRA.
• Ombeni wazazi waitaje shida hiyo kwenye mkutano wa mtaa.
• Baada ya mwezi mmoja, ulizeni imefikia wapi. Msipojibiwa, ulizeni tena.

Na tusidanganyane: ukinywa maji, chupa usiirushe dirishani. Mtaro huzibwa na sisi wenyewe pia.

JIPIME

1. Ofisi gani inasimamia nauli ya mwanafunzi?
2. Kwa nini halmashauri moja peke yake haiwezi kuuokoa Mto Msimbazi?
3. Kama shule yenu ingepewa nafasi ya kutaja shida moja tu mtaani, mngetaja ipi? Toeni sababu mbili za kiafya.