Nani Atasema kwa Niaba Yako?

SOMO LA JUMA HILI

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 47:28-31, Mwanzo 49:29 hadi 50:14, 2 Wafalme 20:1-7, Luka 10:30-37, Waebrania 11:21-22

Wazo kuu: Anayeamua kwa niaba ya mgonjwa ni msemaji wa mgonjwa, si mwenye mgonjwa.

Somo la leo wengi hatupendi kulizungumza, lakini likibisha hodi nyumbani halingoji mtu ajiandae. Mtu wenu amepata kiharusi, au amegongwa na pikipiki, amelazwa hajitambui. Daktari anatoka na fomu mkononi, anauliza, "Nani atatia sahihi?" Hapo koridoni watu wanaanza kuangaliana. Mke analia. Shemeji mkubwa anasema yeye ndiye msemaji wa boma. Binti anapiga simu kutoka Doha akisema mtu asiguse chochote mpaka afike. Mmoja wetu wa kanisa anasema ameonyeshwa kwenye maombi kwamba upasuaji usifanywe. Na saa inaenda.

Watu wote hao wanampenda mgonjwa. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza angetaka nini.

1. YAKOBO ALICHAGUA MSEMAJI MAPEMA

Tusome Mwanzo 47. Yakobo ameishi Misri miaka 17. Anaona siku zake zinakaribia mwisho. Anafanya nini? Anamwita Yusufu. Anamwambia wazi kwamba hataki kuzikwa Misri, anataka kulala pamoja na baba zake, kisha anamwapisha. Angalia mpangilio: habari ya kwamba Yakobo ameugua inakuja katika sura ya 48, baada ya jambo hili. Alisema mapema, akiwa bado na sauti.

Tena angalia alimchagua nani. Mzaliwa wa kwanza alikuwa Reubeni, lakini Yakobo alimwita Yusufu, yule aliyekuwa na uwezo wa kutekeleza neno lake katika nchi ile. Kumpa mtu kazi hii si kumpa cheo cha ukubwa. Unatafuta mtu anayepatikana, anayeweza kusimama mbele ya wakubwa, na asiyeyumbishwa na kelele.

Halafu katika sura ya 49, kabla ya kukata roho, Yakobo aliwarudia wana wake wote 12 na kuwaambia jambo lile lile. Hakuliacha liwe siri ya Yusufu. Kwa hivyo alipofariki hakuna ndugu aliyeinuka kusema, "Baba hakuniambia mimi." Wote walimbeba mpaka pango la Makpela, Kanaani.

Sasa kuna mpendwa anasema, "Mchungaji, huko si kujitabiria kifo? Ulimi una nguvu." Nakuelewa. Lakini soma Waebrania 11:22. Mwandishi anapohesabu mashujaa wa imani, anapofika kwa Yusufu haandiki habari za ndoto zake wala habari za gerezani. Anaandika kwamba alipokuwa karibu kufa, aliagiza kuhusu mifupa yake. Agizo hilo limehesabiwa kuwa imani! Aliyemjifunza Yakobo baba yake alifanya vile vile. Kupanga mambo yako si kumwalika mauti. Ni kukiri kwamba uhai wako na mwisho wako vyote viko mkononi mwa Bwana.

2. MSEMAJI SI MWENYE MGONJWA

Waswahili wana methali: mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, ukimkuta mtu mgonjwa humwulizi kama atakunywa, unampikia tu. Lakini uji ni uji. Kukatwa mguu, kufunguliwa kichwa, kuwekwa kwenye mashine ya kupumua, hayo si uji. Huo ni mwili wa mtu, hekalu la Roho Mtakatifu, na siku moja ataamka aulize nani aliamua.

Yusufu alikuwa mkubwa Misri. Angeweza kumjengea baba yake kaburi ambalo watalii wangelitembelea mpaka leo. Heshima ingekuwa kubwa, na watu wangesema, "Mtoto huyo anampenda baba yake." Lakini Yusufu hakuuliza, "Mimi nataka nini?" wala, "Watu watasemaje?" Aliomba ruhusa kwa Farao akafunga safari ndefu, kwa sababu baba alisema hivyo.

Basi ukisimama mahali pa Yusufu, jiulize maswali mawili kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: yeye mwenyewe angesema nini? Kumbuka maneno yake. Labda mlipotoka kumwona jirani hospitalini alisema, "Mimi nisiwekwe hivyo." Labda alisema, "Nipiganieni mpaka mwisho, nina watoto wadogo." Labda alisema shamba la watoto lisiuzwe kwa ajili yake. Hayo ni maneno ya kupeleka kwa daktari, hata kama wewe ungechagua tofauti.

Swali la pili linakuja tu kama la kwanza halina jibu: ni nini kitamfaa yeye? Si kinachotuliza dhamiri yangu, si kinachoniondolea lawama matangani. Kinachomfaa yeye. Je, tiba hii inaweza kumponya? Itamletea maumivu gani? Ataweza kuishi vipi baadaye?

Na habari ya pesa tuiongee waziwazi, kwa maana tukiificha itatuongoza gizani. Hakuna dhambi kuuliza gharama. Dhambi ni kusema "Mungu amekataa" wakati ukweli ni kwamba harambee haijafika.

3. SHERIA YETU INASEMAJE

Mkristo mwema hujua sheria ya nchi yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 9, inasema mgonjwa asipewe huduma bila idhini yake mwenyewe baada ya kuelezwa. Akiwa hawezi kutoa idhini, anayetangulia ni mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka kwa maandishi, au mtu aliyepewa ruhusa na sheria au amri ya korti. Kama hakuna mtu wa namna hiyo, ndipo jamaa wa karibu anapotoa idhini.

Umeona neno "kwa maandishi"? Mama, wewe uliyeishi na mzee miaka 30 na unajua kila dawa anayomeza, karatasi moja yenye sahihi yake inaweza kukusaidia siku ambayo watu wa ukoo watakuja na sauti kubwa. Na wewe kaka ambaye hujaoa, au dada unayewalea watoto peke yako, karatasi hiyo itawaambia madaktari kwamba unayemwamini ni rafiki yako wa maombi, kama ndivyo ilivyo.

Mchungaji hayumo katika orodha hiyo, isipokuwa mgonjwa mwenyewe amemwandika. Kazi yetu wachungaji ni kuomba, kufariji na kusaidia jamaa kusikilizana. Kalamu si yetu.

Je, dharura? Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na kifungu kile kile cha 9 kinaruhusu madaktari kuendelea bila kungoja sahihi ikiwa ni dharura, au ikiwa kuchelewa kunaweza kumwua mgonjwa au kumwachia madhara yasiyorekebika, naye hajawahi kuikataa huduma hiyo. Hapo utamkumbuka Msamaria wa Luka 10. Yule mtu kando ya njia ya Yeriko alikuwa nusu mfu, hakuweza kujibu swali lolote. Msamaria hakuitisha kikao cha ukoo. Alifunga majeraha, akamimina mafuta na divai, akampeleka penye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kurudi. Wakati wa dharura, kwanza okoa uhai. Vikao vitafuata.

Jambo lingine: kifungu cha 8 kinataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pia haki yake ya kukataa. Na inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo wewe unayeamua kwa niaba yake usitie sahihi kitu ambacho hujakielewa. Sema kwa heshima, "Daktari, nieleze tena kwa Kiswahili, polepole. Tusipofanya hivi, kuna njia gani nyingine?" Huo si ukaidi. Unauliza yale ambayo mgonjwa angeuliza kama angeweza.

4. NA IMANI JE?

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia, kwa hivyo tuende taratibu.

Wako wanaofikiri kukubali upasuaji ni kukosa imani. Nenda 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamtuma Isaya kumwambia kwamba ataishi miaka mingine 15. Hilo lilikuwa neno la nabii wa kweli. Na bado Isaya yule yule aliagiza mkate wa tini uletwe uwekwe kwenye jipu, naye akapona. Unabii na dawa vilikaa chumba kimoja bila kugombana. Luka naye alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa.

Mtu mzima mwenye akili timamu akisema, "Mimi sitaki tiba hiyo," huo ni mwili wake na atajibu mwenyewe mbele za Bwana. Lakini mimi kutumia imani yangu kumnyima mwingine tiba akiwa hajitambui, hilo ni jambo lingine kabisa. Ukifunga na kuomba, funga kwa tumbo lako. Usimfungishe mgonjwa.

Wako pia wanaoumia upande wa pili. Madaktari wamesema wamefika mwisho, kwamba mashine hairudishi uhai bali inarefusha kufa. Jamaa wanaogopa kukubali, kwa maana watu watasema, "Walimkatia tamaa, hawakuamini." Mpendwa, Mungu hategemei stima. Aliyemfufua Lazaro siku ya nne hazuiwi na mashine iliyozimwa, wala hasaidiwi na iliyowashwa. Ikiwa mgonjwa alikwisha kusema hataki kushikiliwa hivyo, kuliheshimu neno lake si kumwua. Yakobo aliirudisha miguu yake kitandani akakusanywa kwa watu wake, na Biblia haisemi Yusufu alikosa imani.

Kabla ya kuamua, omba madaktari waketi na jamaa wote pamoja. Kama kuna shaka, omba maoni ya daktari mwingine. Na kumbuka kwamba tiba ya kuponya ikiisha, utunzaji hauishi. Kuna huduma ya kupunguza maumivu na kumtunza mtu mpaka mwisho wake kwa heshima. Nairobi Hospice imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1990, na hospitali nyingi za kaunti siku hizi zina watu waliofunzwa. Uliza.

5. YA KUFANYA JUMA HILI

Kwanza, zungumza. Anza na wazazi, kwa adabu. Unaweza kusema, "Mama, tangu tumzike shangazi nimekuwa nikifikiria. Ukiugua usiweze kuongea, ungependa nani kati yetu azungumze na daktari?" Akikuuliza, "Kwani unataka nife?" mjibu, "La, Mama. Nataka nijue neno lako, tusije tukagombana mbele yako." Usimsukume. Akikataa leo, atalifikiria usiku.

Pili, andika. Karatasi ya kawaida inatosha kuanza: "Mimi (jina, nambari ya kitambulisho), nikiwa na akili timamu, namteua (jina, nambari ya kitambulisho, simu) atoe idhini ya matibabu yangu kwa niaba yangu nikiwa siwezi kuitoa mwenyewe. Asipopatikana, namteua (jina la pili). Mambo ninayotaka ayafuate ni haya." Weka tarehe na sahihi. Mashahidi wawili ni busara, na kama unaweza kumfikia wakili, ni bora zaidi.

Tatu, wajulishe wote, kama Yakobo. Mpe uliyemteua nakala, nyingine iwe mahali jamaa wanapajua. Barua iliyofungiwa kabatini na ufunguo unao wewe haitamsaidia mtu.

Nne, kama uliwahi kusimama mahali hapo, ukaamua kwa upendo na mgonjwa akafariki, sikia neno hili. Hukumwua. Ulibeba mzigo ambao hakuna aliyekufundisha kuubeba. Mlete kwa Bwana moyo huo unaojishtaki usiku, naye atakupumzisha. Na ukihitaji mtu wa kuongea naye, mlango wa mchungaji uko wazi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Yakobo alimwapisha Yusufu, kisha akawaambia wana wote? Nyumbani kwenu jambo hili lingefanyikaje?
2. Kati ya jamaa zako, nani angeweza kusema maneno yako hata kama yeye hayapendi?
3. Kanisa limsaidieje ndugu aliye koridoni hospitalini bila kumwamulia?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa pumzi ya leo. Utupe ujasiri wa kusema tungali na sauti, na unyenyekevu wa kusikia wenzetu wanaposema. Siku tutakapoitwa kusimama kwa niaba ya mtu asiyeweza kujisemea, utuondolee hofu ya watu na kiburi cha ukoo, tukaseme neno lake na si letu. Uwakumbuke walio wodini usiku huu, na wote wanaowangojea nje. Katika jina la Yesu, Amina.