Kuondoa Virusi na Tahadhari za Uongo

Swali: Kompyuta ya familia mjini Kasulu hutoa tangazo kila mara: "Kompyuta yako ina virusi. Bofya hapa kuisafisha." Eleza namna ya kuondoa tatizo hili bila kupoteza mafaili.

Jibu: Usibofye tangazo wala kupiga namba iliyomo; ndipo wizi unapoanzia. Soma kwanza maandishi yake madogo. Likitaja kivinjari, mfano Chrome, pamoja na anwani ya tovuti, basi hiyo ni arifa tu. Kuna siku mtu alibofya "Ruhusu" kwenye tovuti hiyo, pengine akitafuta filamu za bure. Fungua mipangilio ya kivinjari, nenda kwenye arifa, uiondolee tovuti hiyo ruhusa. Kuskani hakutasaidia, kwa sababu hakuna faili la kirusi (watahiniwa wengi huteleza hapa).

Lisipotaja tovuti, shuku programu hasidi. Sasisha Microsoft Defender, ambayo imo tayari ndani ya Windows 10 na 11. Kata intaneti, ondoa programu usizozitambua, kisha chagua uchunguzi wa nje ya mtandao. Huo hufanyika kabla Windows haijawaka. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama.

Kagua na flashi, hasa iliyozunguka kwenye steshenari kunakili mitihani iliyopita. Folda zikigeuka njia za mkato, usiiformati! Mara nyingi kirusi kimezificha tu. Skani flashi, halafu andika kwenye dirisha la amri:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi yako. Notisi zitaonekana tena.