Aiskrimu bila maziwa Pioneer: usile pesa ya nazi

Uasin Gishu ni nchi ya maziwa. Mursik iko kwenye kibuyu, New KCC ina kiwanda Eldoret, na ukiitisha chai hotelini utaletewa ya maziwa bila kuulizwa. Sasa fikiria mtu anaanzisha kampuni ndogo hapa Pioneer ya kutengeneza aiskrimu isiyo na tone la maziwa. Wengine watacheka. Lakini wateja wapo: watu wazima ambao tumbo lao halipatani na laktosi, yaani sukari ya maziwa, wazazi wa watoto wenye aleji, na wale walioacha kabisa vyakula vinavyotoka kwa wanyama.

Tumechagua biashara hii kwa somo la leo kwa sababu inaonyesha vizuri shida ambayo wateja wetu wengi wanaijua: mauzo yako sawa, lakini siku ya kununua mali pesa haipo.

Tuanze na mali yenyewe. Ulaini ambao kwa kawaida huletwa na krimu ya ng'ombe, hapa unaletwa na mafuta ya tui la nazi. Nazi za Kenya hutoka Pwani, hasa Kilifi na Kwale, na kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kama kilomita 800. Jirani mwenye ng'ombe anaweza kukukopesha lita mbili mpaka Ijumaa. Wa nazi hakujui, anataka pesa kwanza. Ndiyo maana wengi huchanganya na ndizi mbivu: zigandishe, zisage, zinakuwa laini kama krimu zenyewe, na nazi inatumika kidogo.

Hebu tupige hesabu ya vikombe 40. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako. Nazi 1,400, ndizi 400, sukari 240, vikombe na vijiko 320, stima 200, bodaboda 300. Jumla ni shilingi 2,860, kwa hivyo kila kikombe kimekugharimu karibu 72. Ukiuza 100, faida ni kama 28.

Hapo ndipo watu huteleza. Mteja akilipa 100, simu inaonyesha 100, na wewe unaona una 100. Huna. Sabini na mbili ni za nazi ya kesho. Kama zinaingia kwenye laini ileile unayonunulia unga na kulipia tokeni za stima ya nyumbani, zitaliwa, na hutajua zimeliwa lini. Na hapo bado stima haijapotea. Vikombe 6 vikiyeyuka, unauza 34, unapata 3,400, na faida inashuka kutoka 1,140 hadi 540.

Kwa hivyo pokea malipo kwa namba ya till, si kwa namba yako binafsi. Jioni hesabu vikombe vilivyouzwa, zidisha kwa 72, na hiyo iache hukohuko kwenye till. Kinachobaki ndicho unaweza kuhamisha kwenda kwa laini yako. Ukiuza vikombe 25 leo, 1,800 haiguswi, hata mtoto akirudi na barua ya shule. Ni ngumu, tunajua, lakini bila hiyo 1,800 wiki ijayo hakuna aiskrimu wala karo. Kabla ya kupanga bei, angalia pia ada za kupokea na kuhamisha pesa, maana faida ya 28 ni nyembamba.

Wateja wakipanga foleni, usitoe kikombe kwa sababu umeonyeshwa meseji kwenye simu ya mtu. Meseji ya uongo huandikwa kwa dakika moja. Ngoja yako iingie, au angalia salio la till. Na mtu akikupigia akisema ametuma kimakosa, umrudishie haraka, usitume chochote. Mwambie apitie huduma kwa wateja, pesa irudishwe kwa utaratibu.

Jambo moja nje ya pesa: kama mashine yako hutumika pia kwa aiskrimu ya maziwa, mwambie mteja waziwazi. Mtu wa laktosi huenda akajaa gesi tu, lakini mtoto mwenye aleji anaweza kushindwa kupumua.

Faida nyingine ya till ni taarifa ya malipo, ambayo watu wachache hufungua. Linganisha Januari, jua likiwaka, na Julai, Eldoret ikiwa na mvua na baridi. Kama Julai iliuza nusu, usigandishe vikombe 40 ukitegemea wapita njia. Tengeneza 20, na zaidi ya hapo chukua oda za birthday na harusi pekee, mteja akitanguliza kwa till angalau gharama yako yote, ile 72 kwa kila kikombe, kabla hujaagiza nazi.