Kombi Kwanza, Kilakala Baadaye

Mdogo wangu wa Singida, barua yako nimeisoma mara mbili. Kidato cha nne umepata B ya Kemia, B ya Biolojia, B ya Jiografia, na Fizikia imekuponyoka kwa D. Unataka kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), tena shule ya Kilakala, kwa kuwa rafiki yako wa tangu darasa la tatu ameichagua. Sogea tuongee, na wenzako wasikie.

Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana ni shule za vipaji maalumu. Huko mjomba hakusaidii kwa simu. TAMISEMI ndiyo inayopanga kwa kuangalia ufaulu. Kwenda kidato cha tano unatakiwa uwe na krediti tatu, yaani A, B au C, kwenye masomo yasiyo ya dini. Hizo unazo. Sasa chukua kalamu. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na pointi chache ndiyo heri. PCB yako inasoma 8. CBG yako, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, inasoma 6. Kwenye shule inayogombewa na wenye A tupu, hata hiyo 6 ni mlima, sembuse 8.

Najua unachoogopa: udaktari. Ni kweli, CBG haina Fizikia, na shahada ya udaktari wa binadamu inaidai. CBG itakupeleka kwenye kilimo, misitu, mazingira au ualimu wa sayansi. Kama moyo wako uko wodini kweli, shika jambo ambalo wadogo zangu wengi hawaambiwi: vyuo vya kati vya afya hupokea D ya Fizikia kwa stashahada ya utabibu, na tabibu anaweza kujiendeleza hadi udaktari. Njia ni ndefu, lakini ipo.

Mimi nilifuata marafiki PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) nikiwa na C ya kusukumwa ya Hisabati. Muhula wa kwanza nililia kila Jumapili jioni nikipiga pasi sare. Nilipoomba kuhamia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), shule ile haikuwa nayo, na miaka yangu miwili ikaenda hivyo. Ndiyo maana nakazania kombi. Tangu 2024 kombi hizo, yaani tahasusi, zimefika 65, na hakuna shule inayozifundisha zote.

Kabla mfumo wa kubadili machaguo haujafungwa, nenda kwa mwalimu wako wa Fizikia na umuulize bila kuzunguka: ile D ni ya kukosa mwalimu nusu mwaka, au somo lenyewe halikuingii? Kama ni la kwanza, PCB kwenye shule yoyote ya bweni bado naitetea. Kama ni la pili, jaza CBG. Rafiki yako mtaandikiana, na likizo ya Desemba mtakutana stendi.