Umekitoa Nje, Hujasema Umekitupa

Wadogo zangu, mvua ya huku kwetu haina likizo, nami sina likizo ya maswali yenu. Leo nataka tuongee habari ya vitu vinavyopotea nje ya nyumba. Sisemi kuku wala nguo za kamba, hayo ni mengine. Nasema vile vibovu: jiko la mkaa lililotoboka kitako, ndoo isiyo na mpini, kiti cha miguu mitatu, redio iliyokataa kusema tangu msiba wa bibi.

Mmoja wenu wa hapa Kiwira aliegemeza jiko lake ukutani asubuhi, jioni hakulikuta. Mwingine alitenga mabati ya zamani baada ya kuezeka upya, akakuta yamebaki mawe yaliyoyakandamiza. Wa tatu alitoka jikoni na beseni la maganda ya ndizi, akamkuta kijana asiyemjua ndani ya migomba, anapekua shimo la taka kwa fito, kiroba begani. Wote swali lao ni moja: huu ni wizi au si wizi?

Naanza na huyu wa tatu, kwa sababu ameniambia alifungua mdomo apige ukelele wa "mwizi" kisha akasita. Mdogo wangu, asante kwa kusita. Kiwira unaijua. Ni mji wa njia kuu: magari ya Mbeya, ya Tukuyu, ya Kyela, malori ya mpakani Kasumulu, soko la ndizi na maparachichi, vijiwe vya bodaboda. Ukipiga ukelele saa nne asubuhi, dakika haziishi uwanja umejaa, na katika waliokuja hakuna hata mmoja atakayeuliza kilichoibwa ni nini. Magazeti yetu yana msemo wake kwa yanayofuata, "wananchi wenye hasira kali", na kwa kawaida habari huishia hospitali au kaburini. Kwa kopo la maji la plastiki! Halafu wewe ndiye utakayekuwa shahidi, na uwanja utakaooshwa ni wako.

Ukelele una mahali pake. Mtu yumo ndani ya nyumba, au ni usiku na anasukuma mlango, piga kelele mpaka wakusikie Katumba. Lakini mchana, mtu yuko shimoni na fito, msalimie kwanza. "Habari za saa hizi, kaka? Unatafuta nini?" Hiyo salamu ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mwokota makopo atajibu palepale: makopo, vyuma, chochote dada. Mwenye nia nyingine atababaika, ataanza kumtaja mtu ambaye hakai hapo, ataondoka. Umeshamjua, na hakuna aliyeumia. Sura yake na njia aliyopita unampelekea balozi wako au mwenyekiti wa kitongoji, hiyo ndiyo kazi yao.

Sasa, kwa nini jambo hili linatusumbua sisi zaidi? Tazama nyumba zetu zilivyokaa. Kuna miji duniani ambako taka zina siku yake na mahali pake: mtu anaburuta kitu mpaka ukingo wa barabara, na kila apitaye anajua hicho kimeachwa. Huku hatuna ukingo huo. Nyumba iko katikati ya migomba, njia ya watu inapita kati ya jiko na choo, uzio hakuna, au upo wa maua tu. Maganda na majivu yanakwenda kwenye mashina ya migomba, kwa hiyo jalala lako ndilo shamba lako. Anayefuata kopo lako lazima apite kwenye kichanja cha vyombo, aone nguo zako za ndani zilizoanikwa, ajue mbwa amefungwa wapi na nani yuko nyumbani saa hiyo. Ndiyo maana roho inashtuka. Hofu yako haina kosa lolote, kosa ni kuihamishia kwenye kopo.

Na huku nje hatutoi vitu kwa sababu moja. Sufuria lililoegemezwa ukutani linaweza kuwa limetupwa, linasubiri fundi wa kuziba, ni la kunyweshea mbwa, au ameahidiwa mama wa jirani ambaye hajaja kulichukua. Mpita njia atajuaje?

Sheria nayo inauliza moyoni mwa mtu, si machoni tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, inahesabu wizi pale mtu anapochukua mali kwa nia ya hila na bila dai la haki. Aliyeokota kitu kilichopotea akiamini, kwa sababu za maana, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana, kifungu hichohicho hakimhesabu kuwa na hila. Lakini angalia: jiko lililo chini ya dirisha lako, mwenyewe anapatikana kwa hodi moja. Huyo hawezi kusema alidhani halina mwenyewe. Waingereza waliwahi kuvutana kuhusu jambo kama hili mwaka 2010, kesi ya mtu aliyebeba alfajiri mifuko iliyowekwa nje ya duka la hisani, akajitetea kwamba ilikuwa imetupwa. Mahakama Kuu yao haikukubali: aliyeweka mifuko pale alikuwa na mtu wa kumpa, na mtu huyo hakuwa yeye. Ndilo lile sufuria la mama wa jirani.

Kwa hiyo dada wa jiko na dada wa mabati, majibu yenu hayalingani. Jiko moja bovu, lisamehe, na safari nyingine usiliache linatangatanga. Mabati kadhaa yaliyopangwa na kukandamizwa kwa mawe ni mali, haijalishi yana kutu kiasi gani. Mtu aliyeondoa mawe, akayaweka pembeni, akabeba mabati, alijua anachofanya. Nenda kwa mwenyekiti, toa taarifa, kisha pita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu walio karibu. Usiende na ugomvi. Waulize tu kama kuna mtu ameleta mabati siku hiyo. Kifungu cha 311 kinamgusa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na wanunuzi wazoefu wanalijua hilo vizuri. Isitoshe, mfanyabiashara wa chuma chakavu anatakiwa kuwa na kibali chini ya kanuni za mazingira, kwa hiyo hapendi kelele za polisi mlangoni.

Tusiwasingizie wote, lakini. Mimi hawa watu wa mizani ya kuning'iniza nawaheshimu. Anatembea na baiskeli vilima vyote hivi, anakusanya tunachoshindwa kukizika. Lile sufuria lako la alumini lililopasuka linaweza kuyeyushwa na kusubiwa sufuria jipya. Chuma kinakwenda viwandani kikawa nondo. Tairi tangu zamani linatoa katambuga, na mkebe unatoa kibatari. Ukiondoa mikono hii, shimo lako la taka lingekuwa limefika mlangoni. Ninachowataka ni hodi. Wapitie mbele, wabishe, wapime kitu mbele yako. Na ninyi mkishasema "chukua", mmesema. Mtu asifuatwe njiani na kuambiwa ameiba kwa sababu mume amerudi na kuuliza redio yake iko wapi.

Jingine dogo: watoto wanaokusanya vyuma ili wapate hela ya andazi. Mtoto hana mipaka, leo ataleta msumari, kesho mfuniko wa sufuria la mama yake, keshokutwa koki ya bomba la kijiji. Ukiona mnunuzi anapima mzigo wa mtoto wa darasa la tatu saa za masomo, huyo ndiye wa kusemwa.

Hapa sasa nataka mkae vizuri, maana hatari inageuka upande. Tumezoea kuogopa anayechukua. Kwa vitu vingine, yeye ndiye anayepaswa kutuogopa sisi.

Mkulima wa viazi au nyanya anamaliza dawa ya ukungu au ya wadudu, kopo anarusha pembeni ya shamba au nyuma ya nyumba. Ni kopo zuri, gumu, lina mfuniko unaobana, lita moja au tano. Apitaye analipenda. Analiosha kwa sabuni, analisugua kwa mchanga, linanukia vizuri, analiuza sokoni au anampa shemeji. Shemeji anatia mafuta ya kula. Au maziwa! Rungwe hii ya ng'ombe wa maziwa, mnaelewa ninachosema. Ile plastiki imekunywa sumu, na sabuni haiitoi yote. Mtaalamu yeyote wa ugani atakwambia hivi: kopo likiisha, tia maji, funga, tikisa, maji hayo yamimine kwenye bomba la kupulizia yaende shambani pamoja na dawa. Fanya hivyo mara tatu. Kisha litoboe kitako na ubavuni kwa msumari mnene, matundu kadhaa, mpaka mtu akiliona asiwe na cha kulifanyia. Usilichome jikoni, moshi wake ni sumu vilevile. Muulize bwana shamba au duka ulikonunua kama wanayapokea, la sivyo lifungie mbali na watoto hadi upate jibu. Kutoboa kunachukua dakika moja.

Betri nyingi za sola na za gari zina risasi na asidi, usimwachie mtoto azivunje kutafuta "bati la ndani". Sindano za mgonjwa na nyembe zisiingie kwenye kiroba cha taka hata siku moja, kuna mkono mtupu utakaozamishwa mle. Tia kwenye kopo gumu, funga, peleka zahanati.

Simu mbovu nazo. Mnazitupa na laini ndani! Laini hiyo imesajiliwa kwa alama ya kidole chako, ina pesa yako au deni lako, na simu yenyewe ina picha za kitchen party ya binamu. Toa laini, toa memori kadi, ikiwaka futa kila kitu. Karatasi za benki, kopi za kitambulisho cha NIDA, vyeti vya hospitali, chana au choma. Msidhani mambo ya kupekua taka ni ya maskini pekee: mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka California, kwamba polisi wanaweza kupekua mifuko ya taka aliyoiweka mtu kando ya barabara bila hata hati ya upekuzi. Maana yake, hata huko mwenye siri alishauriwa asiitoe nje.

Na lile mnaloniuliza kwa sauti ya chini: je, kama anayechukua anapeleka kwa mganga? Nguo ya mtoto, nywele za saluni, kucha. Sitawacheka, nimekulia hukuhuku. Kama moyo wako hautulii, zika nywele, choma nguo, ni haki yako na hakuna unayemuumiza. Nguo ya mtoto iliyochanika ikate matambara ya kusugulia sufuria, hakuna atakayeitamani. Lakini usitoke hapo ukamtaja mtu. Kibibi anayeokota matambara ya kuwashia moto ukimpa jina baya kitongojini, jina hilo halifutiki, na huku Mbeya na mikoa jirani wazee wameshauawa kwa majina ya namna hiyo. Kama ni matambara anataka, mpelekee mwenyewe, umkabidhi mkononi, na kuni mbili juu.

Nimebakiza dada mmoja, huyu amenichekesha mpaka chai ikapoa. Alitoa nje kiti cha sebuleni, miguu imelegea, kitambaa kimechanika, akamwambia kijana wa baiskeli achukue. Baada ya muda ameenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, amekaribishwa, ameketi, akahisi anakijua hicho kiti. Kimegongwa misumari, kimepigwa vanishi, kina kitambaa kipya na maua ya kufuma. Jirani alikinunua kwa fundi. Sasa dada anataka kujua kama ana haki ya kukidai, au angalau apewe nusu ya bei.

Mdogo wangu, huna. Ulisema "chukua", kijana akachukua, fundi akatia misumari na jasho, jirani akatoa hela. Usimwambie hata kwamba kilikuwa chako, mwache mwenye mtoto mchanga afurahie kiti chake. Kunywa uji wa uzazi uliokaribishwa, sifu kitambaa, kisha uliza kwa upole fundi huyo anapatikana wapi na anatoza kiasi gani. Viti vya sebuleni havinunuliwi kimoja kimoja, na ulivyobaki navyo nadhani vimeshaanza kulegea miguu.