Foleni ya Uji: Mafunzo Sita Niliyopata Darasa la Awali

Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, darasa langu la awali huku wilayani Korogwe lilijaa hadi mlangoni. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nilikuwa na 87, mikeka mitatu na ubao mmoja. Kwa kuwa nilikuwa nimefundisha darasa la nne kwa miaka tisa, nilidhani hawa wadogo watakuwa mteremko. Kabla ya Ijumaa ya kwanza nilishang'atwa mkono, nikamwagiwa uji, nikajifungia stoo nikalia.

Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo.

1. Fujo huzaliwa kwenye foleni

Wiki ya tatu nilianza kutembea na kidaftari mfukoni. Kila watoto walipopigana niliandika saa na mahali. Nilipokisoma mwisho wa wiki niliona aibu: ugomvi mwingi ulitokea watoto wakiwa wananingoja mimi. Wanangoja uji, wanangoja zamu ya choo, wanangoja nisahihishe madaftari. Kumsimamisha mtoto wa miaka mitano nyuma ya wenzake themanini, kikombe kitupu mkononi, tayari ni adhabu. Akisukuma, nami nilimwongezea nyingine.

Nikagawa darasa makundi sita ya matunda. Embe wakienda kunywa uji, Nanasi wanapanga visoda, Papai wanaimba, na wengine wako kwenye kona zao za michezo. Kusahihisha nako niliacha kuwaita mezani. Nilizunguka mwenyewe na kalamu. Kelele hazikwisha, ila vilio vilipungua.

2. Anayekaidi huenda hajakuelewa

Kulikuwa na msichana ambaye nikisema "kaeni" anabaki wima, na nikisema "fungueni madaftari" anawachungulia wenzake kwanza. Moyoni nilishamwandika mkaidi. Siku moja mama anayetupikia uji alimsemesha Kisambaa. Mtoto alimjibu kwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake tangu shule ifunguliwe.

Familia yake ilikuwa imeshuka kutoka milimani majuzi tu. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini si kila mtoto anakuja nacho kutoka nyumbani. Tangu hapo kila agizo nalitoa pamoja na kitendo: nikisema kaeni, nami nakaa. Mama wa uji alinifundisha maneno kadhaa ya Kisambaa. Nilipoyatamka vibaya, yule msichana alicheka sana, na siku hiyo ndiyo aliyoanza kunisogelea.

3. Sema unachotaka kifanyike

"Usikimbie!" Mtoto mdogo hapo anasikia "kimbia". "Acheni kelele!" Sawa, tukiacha tufanye nini? Nilibadilisha maneno: "Tembea kama kinyonga." "Mikono kichwani, mabegani, magotini." Kisha nashusha sauti hadi inakuwa mnong'ono, na wa mbele wanawanyamazisha wa nyuma ili wasipitwe. Mwalimu anayepigia kelele watoto 87 anakuwa mpiga kelele wa 88.

4. Fimbo hurudi kwa sauti yako

Sitajifanya malaika. Nilikuwa na kifimbo cha mpera juu ya kabati, na nilikitumia. Kanuni za adhabu ya viboko za 1979, na marekebisho yake ya 2002, haziruhusu kila mwalimu kuchapa anavyotaka: mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa, viboko visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Changu hakikuandikwa popote.

Kilichoniachisha si kanuni hizo. Mchana mmoja, kwenye kona ya kuigiza mambo ya nyumbani, nilimwona binti mmoja amempakata mwanasesere wa gunzi aliyefungwa kitambaa. Akamkalisha chini, akaokota kijiti, akamchapa. "Nimesema mara ngapi? Eeh? Mara ngapi?" Maneno yalikuwa yangu, na mkono wa kushoto kiunoni ulikuwa wangu pia. Jioni ile kifimbo kiliishia jikoni chini ya sufuria ya uji.

5. Mzazi asikuone unakuja na kesi tu

Mvulana mmoja alikuwa aking'ata wenzake karibu kila siku. Nilikuwa nimeshamwita bibi yake mara mbili, na mara zote mbili alijibu, "Mchape tu mwalimu, nimekuruhusu." Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta akitoka shambani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kafanya nini tena?"

"Leo amepanga visoda kumi bila kukosea hata kimoja. Nimekuja kukwambia hilo."

Bibi aliweka jembe chini, akanitolea kigoda. Tulizungumza mpaka kiza kikaingia, na ndipo nilipopata habari ambayo kwa wito wa barua nisingeipata kamwe: bibi anakwenda shamba alfajiri, na mtoto anakuja shule tumbo tupu.

6. Mpe chakula, kisha mpe neno

Nikarudi kwenye kidaftari changu. Kweli, alikuwa aking'ata kuanzia saa tatu na nusu hivi, na uji wetu unaiva saa nne. Nilipatana na mama wa uji awe anamchotea kikombe cha kwanza mapema, yeye na wengine watano ambao nao tuligundua hawanywi chai nyumbani. Meno yalipumzika, lakini hayakuacha kabisa. Akinyang'anywa kitu bado aling'ata, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kukidai. Basi tukafanya mazoezi kama wimbo, mimi nikijifanya mnyang'anyi: "Sitaki. Nirudishie." Mara kumi asubuhi, mara kumi kabla ya kwenda nyumbani, kwa wiki tatu hivi.

Watoto wale 87 wamekua, na kila Januari napokea wengine. Bado kuna siku narudi nyumbani sina sauti. Ila naikumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita mwaka ule, nilipopita kwenye mkeka wa Embe nikikusanya visoda haraka haraka ili tuanze somo. Yule mvulana alikuwa hajamaliza kupanga vyake. Alinishika kiganja, nami nikajikaza nikingoja meno. Akanitazama usoni.

"Sitaki, mwalimu. Nirudishie."

Nikamrudishia, vyote kumi.